Seva ya ofisi ilijaa usiku wa kuamkia mnada: tujadili vikomo vya nafasi kwa kila mtumiaji (Mtwara)

#1 MwanaMikindani

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mtwara, nahudumia TEHAMA kwenye ofisi moja inayoshughulika na karatasi za korosho. Jina la ofisi naliacha. Nimekuja na jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima.

Wiki iliyopita, usiku wa kuamkia mnada, makarani wawili walibaki ofisini kuandaa orodha ya mauzo: ghala kwa ghala, uzito, daraja la kwanza na la pili. Saa tatu na robo usiku simu ikaita. Karani anaongea kwa shida, sauti imekauka. Excel imegoma kuhifadhi, inamwambia nafasi imeisha. Kazi ya saa tatu iko kwenye kioo tu, haiko mahali pengine popote. Nikamwambia dada yangu, usifunge chochote, chomeka flashi, hifadhi humo, nakuja. Nikapanda bodaboda kutoka Mikindani.

Nilipofika, amri ya `df -h`, inayoonyesha nafasi ya diski, ikanipa asilimia 100, zimebaki sifuri. Nikapiga `du -sh /data/*`, inayopima ukubwa wa kila folda, na kungoja. Folda moja inaitwa SIMU ina GB 214. Ndani mna bekapu ya simu ya mfanyakazi mmoja, video zote za WhatsApp za miaka mitatu, na harusi nzima ya ndugu yake iliyorekodiwa kwa kamera kubwa. Hakufanya kwa ubaya. Simu ilimjaa, akaona diski ya ofisi ina nafasi, akaweka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwisho wake ni wapi, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nikahamishia ile folda kwenye diski ya nje, mpaka saa tano kazi ikaendelea.

Sasa nataka kila mtu awe na kikomo chake. Seva ni Ubuntu (Linux), inashea mafaili kwa kompyuta za Windows kwa programu ya Samba, diski ya data ni TB 1, mfumo wake wa mafaili ni ext4, imemauntiwa (imeunganishwa) kwenye `/data`. Tuko watu 14. Nimewasha kwota, yaani vikomo vya nafasi kwa kila mtumiaji: nimeweka `usrquota` kwenye fstab (faili la mpangilio wa diski), nikaendesha `quotacheck -cum /data`, kisha `quotaon -v /data`, halafu nikampa kila mtu GB 20 laini na GB 25 ngumu:

`setquota -u karani1 20971520 26214400 0 0 /data`

Amri hazijalalamika hata moja. Lakini ripoti ya `repquota -vs /data` (jina, alichotumia, kikomo laini, kikomo kigumu) inanipa hivi:

```
ofisi     --    655G      0K      0K
karani1   --      0K  20480M  25600M
karani2   --      0K  20480M  25600M
mhasibu   --      0K  20480M  25600M
```

Watu wote sifuri! Wanaandika kila siku, mafaili yapo, nayaona kwa macho. Mtu mmoja tu, `ofisi`, ndiye kabeba kila kitu, na huyo si mtu, ni akaunti niliyotengeneza mwenyewe wakati nafunga seva. Nimekosea wapi?

#2 Fundi Ng'apa

Mkuu, nunua diski ya TB 4 umalize. Bei siku hizi si ya kutisha. Haya mambo ya kupimia watu nafasi kama mchele wa msaada yanaleta chuki ofisini.

#3 Mzee wa Lindi

MwanaMikindani, mwanangu, hukukosea kwenye kwota. Ulikosea siku ulipofunga Samba. Fungua `/etc/samba/smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba, nenda kwenye sehemu ya hiyo folda ya kushea. Nakisia kuna mstari unaosema `force user = ofisi`. Upo?

Na Fundi, diski ya TB 4 itajaa vilevile, itachelewa tu. Halafu siku hiyo itabidi uwe na TB 4 nyingine ya bekapu.

#4 MwanaMikindani

Shikamoo mzee. Upo. Niliuweka kwa sababu mwanzoni karani mmoja akitengeneza faili mwenzake anashindwa kulifungua. Nikausoma mahali, nikauweka, tatizo likaisha.

#5 Mzee wa Lindi

Marahaba. Basi ngoja nieleze taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea, na nimeona ofisi tatu huku Lindi zikiwa na kosa hilihili.

Kwota ya Linux haijui nani kakaa kwenye kiti. Haijui kompyuta gani imetuma faili, wala folda ina jina la nani. Inatazama kitu kimoja: mwenye faili ni nani kwenye diski. Piga `ls -l` uone safu ya tatu. Jina lililoandikwa pale ndilo linalodaiwa. Sasa `force user = ofisi` inaiambia Samba kwamba mtu yeyote akishaingia, hata awe ameingia kwa nywila yake, kila anachoandika kiandikwe kwa jina la `ofisi`. Umegawa madaftari 14 ya deni, lakini duka zima linaandika kwenye daftari moja.

Dawa yake: ondoa `force user`. Tatizo lako la mwanzo, la makarani kusomeana mafaili, litatue kwa kundi. Tengeneza kundi, waingize wote, halafu kwenye folda ya kushea weka:

```
force group = kazi
create mask = 0660
directory mask = 2770
```

Na folda yenyewe ipe `chmod g+s`, ili kila kinachoandikwa humo kiwe cha kundi la folda. Hapo faili litakuwa la karani1 kwa umiliki, na la kundi `kazi` kwa ruhusa. Wote wanasoma na kuandika, lakini deni ni la aliyeandika.

Hakikisha pia kila mtu ana akaunti yake, `smbpasswd -a` mmoja mmoja. Ofisi ambayo watu wote wanaingia kwa akaunti moja iliyobandikwa kwenye karatasi juu ya kioo, kwota haitawasaidia kitu. Mafaili ya zamani utayabadilishia mwenye kwa `chown -R` folda kwa folda. Hiyo kazi ni ya mkono. Kaa na watu muulizane lipi la nani.

Jambo la pili. Umesema diski ilionyesha sifuri. Ile haikuwa sifuri ya kweli. Ext4 inamwekea root, yaani msimamizi mkuu wa seva, asilimia 5 pembeni, na kwenye TB 1 hiyo ni karibu GB 46. Wewe kama root ungeweza bado kuandika, makarani hapana. Kwenye diski ya data tupu, ambayo haina mfumo wenyewe ndani, unaweza kuishusha mpaka asilimia 1 kwa `tune2fs -m 1`. Ila mimi naiacha.

#6 MamaSalfa

Habari zenu. Mimi si mtu wa kompyuta, ni karani, niko Newala. Nimesoma uzi huu kwa uchungu kidogo na naomba mnisikilize.

Ofisi niliyokuwa zamani walituwekea kikomo. GB 5 kila mtu, sawasawa. Dereva GB 5, mlinzi aliyepewa akaunti GB 5, na mimi ninayeskani stakabadhi za wakulima kuanzia asubuhi mpaka jioni msimu mzima, GB 5. Msimu ulianza Oktoba. Katikati ya Novemba nikajaa. Nikaomba niongezewe, nikaambiwa nifute visivyohitajika. Nifute kipi? Stakabadhi ya mkulima wa watu, ambaye mwezi wa pili anakuja kudai malipo yake hayakuingia? Nikaanza kuweka kwenye flashi. Wenzangu nao hivyohivyo. Flashi moja ikaingia virusi, nyingine ikapotea kwenye basi.

Wakulima wawili walikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu siku tatu kwa sababu ya flashi ile. Nyinyi mnasema vikomo, vikomo. Mimi nauliza, mnapokaa kupanga namba, karani yumo kwenye kikao?

#7 MwanaMikindani

Mama, shikamoo. Kwa kweli hakuwemo. Nilikaa peke yangu na kikokotoo, nikagawanya nafasi kwa 14. Nimesoma ulichoandika mara mbili.

Wazee, mama kasema kweli. Nifanyeje kwa stakabadhi? Si mali ya karani, ni za ofisi, lakini karani ndiye anayeziandika, kwa hiyo kwota itamdai yeye.

#8 Mzee wa Lindi

Mama wa Newala, umesema jambo ambalo sisi mafundi tunalisahau. Kikomo kibaya hakipunguzi mafaili. Kinayahamishia kwenye flashi, ambako hakuna bekapu.

Kijana, tenganisha vitu viwili. Folda binafsi ya kila mtu, hiyo ndiyo yenye kikomo cha mtu. Na folda za kazi ya pamoja, hizo zisimdai mtu yeyote aliye hai. Tengeneza akaunti isiyo ya mtu, sema `stakabadhi`, isiyoweza kuingia kokote. Mfanye awe mwenye folda ya STAKABADHI, kisha kwenye sehemu ya folda hiyo ndani ya smb.conf weka `inherit owner = yes`. Kuanzia hapo kila faili jipya litakaloandikwa mle linarithi mwenye folda. Karani anaskani, deni linaandikwa kwa `stakabadhi`. Kisha akaunti hiyo nayo uiwekee kikomo kikubwa, ili hata yenyewe isimeze diski nzima.

Na hiyo `inherit owner` msiidharau, ina faida nyingine. Excel ukihifadhi haiandiki juu ya faili lilelile. Inaandika faili jipya la muda pembeni, ikimaliza inalibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Maana yake ni kwamba orodha ya mauzo aliyoianzisha karani1, mhasibu akiifungua na kuihifadhi, mwenye faili anakuwa mhasibu. Deni linahama. Nimewahi kumwona mhasibu anajaziwa kikomo na mafaili ambayo hakuyatengeneza, kazi yake ilikuwa kuyahakiki tu! Ukiweka `inherit owner` hilo linakwisha.

Hilohilo la faili la muda ndilo linaloeleza kwa nini lazima pawe na pengo kati ya kikomo laini na kigumu. Mtu mwenye faili la MB 80 anahitaji MB 80 nyingine kwa dakika chache ili ahifadhi tu. Ukimbana pale pale, atashindwa kuhifadhi hata kama hajaongeza neno moja.

#9 Kijana wa Nachingwea

Samahani wakuu, mimi ni mwanafunzi. Laini na ngumu tofauti yake ni nini hasa? Na zile sifuri mbili za mwisho kwenye setquota?

#10 Mzee wa Lindi

Laini ni mstari unaoruhusiwa kuuvuka kwa muda. Ukiuvuka, saa inaanza kuhesabu, na kwa kawaida ni siku 7. Ukirudi chini ya mstari ndani ya muda huo, yameisha. Usiporudi, siku zikiisha ule mstari laini unakugeukia kuwa ukuta, huandiki tena. Ngumu ni ukuta tangu mwanzo, hauvukwi hata kwa dakika.

Sifuri mbili za mwisho ni kikomo cha idadi ya mafaili, siyo ukubwa. Sifuri maana yake hakuna kikomo. Namba zile ndefu za mbele ni kilobaiti: 20971520 ndiyo GB 20.

#11 Ruvuma_Seva

Kwa wenye Windows Server: msitumie ile kwota ya zamani ya kwenye sifa za diski. Nayo inahesabu kwa mwenye faili, kwa diski nzima. Tumieni File Server Resource Manager, inahesabu kwa folda, bila kujali mwenye faili ni nani. Unaweza kuiambia itume barua pepe mtu akifika asilimia 85, kabla hajagonga ukuta. Hata kwenye Linux kuna kwota ya folda, inaitwa kwota ya mradi. XFS, mfumo mwingine wa mafaili, wanayo siku nyingi, ext4 waliipata kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 4.5. Ila kwa ofisi ya watu 14, njia ya mzee inatosha.

#12 MamaSalfa

Asante mzee kwa kusikia. Ila kuna kitu kingine nilikigundua mwenyewe, nikichelewa. Skana yangu ilikuwa inaskani kwa rangi, na pale palipoandikwa ubora pana 600. Kuna kijana alikuja kutengeneza printa akanishushia ikawa 300, na rangi akatoa. Karatasi inasomeka vilevile, mpaka saini ya mtunza ghala unaiona. Faili likawa dogo sana. Huyo kijana angekuja Oktoba, nisingehitaji flashi.

#13 Mzee wa Lindi

Kutoka 600 kwenda 300, vinukta vinapungua mara nne. Na rangi ukiitoa, kila nukta inabeba theluthi ya mzigo. MwanaMikindani, kabla hujagusa kwota, nenda kaangalie skana.

#14 MwanaMikindani

Nimeangalia. 600, rangi. Skana zote mbili. Tangu zinunuliwe.

#15 Fundi Ng'apa

Hapo mmenipata. Nafuta ushauri wangu wa diski ya TB 4. Endelea kutupa mrejesho mkuu.

#16 MwanaMikindani

Wakuu, ni wiki ya tano sasa, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu.

Nilianza na kikao. Makarani wote, mhasibu, mabwana shamba wanaoenda vijijini, na meneja. Niliwaonyesha `du` kwenye projekta, folda kwa folda, bila kutaja majina ya watu. Yule ndugu wa harusi alisimama mwenyewe akasema ile ni yangu, naomba radhi. Nikamwambia kosa ni letu sote, hatukuweka utaratibu. Nimemsaidia kuihamishia kwenye diski yake aliyonunua.

Kisha usafi. Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa skani za msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho yenyewe na wakulima wakahakikiwa upya mmoja mmoja. Zile karatasi hatuzifuti, bado kuna siku mtu anakuja kuziuliza. Lakini hakuna anayezihitaji kila siku. Nimezinakili kwenye diski mbili za nje, moja iko kabatini kwa meneja, nyingine iko jengo lingine kabisa. Kulikuwa pia na folda zinazoitwa "Nakala", "Nakala mpya", "Nakala mpya YA KWELI", kitu kilekile mara tatu. Tukatoka GB 655 tukabaki na 390.

Mgawanyo wenyewe: watu 14, GB 20 laini na 25 ngumu kwa folda binafsi. Hao wakijaa wote ni GB 350. Folda za pamoja, yaani STAKABADHI na MINADA, zina akaunti zao na `inherit owner`, jumla GB 450. Ukijumlisha ni 800, na diski inanipa kama 869 za kutumia. Nimekusudia hesabu isipite diski, kwa sababu sitaki tena siku ambayo kila mtu yuko ndani ya haki yake na seva bado imejaa.

Muda wa kikomo laini nimeuongeza ukawa siku 14, ambazo kwenye amri zinaandikwa kwa sekunde. Mabwana shamba wakienda Tandahimba au Newala wanakaa hata siku kumi. Sitaki mtu arudi akute saa yake imeisha akiwa shambani.

`setquota -u -t 1209600 1209600 /data`

Mambo mawili yalinisumbua, nayaandika ili mwingine asipotee.

La kwanza, karani2 alifuta GB 6, kwota haikushuka hata kidogo. Alikuja mezani kwangu na karatasi ameandika kila folda aliyoifuta, amekasirika, na alikuwa na haki. Samba yetu ina ile moduli ya `recycle`, faili likifutwa linaenda kwenye `.recycle` na bado ni lake, bado anadaiwa. Nimeweka `recycle:touch_mtime = yes` ili siku ya kufutwa ndiyo ihesabiwe, na kila usiku `find` inaondoa yaliyokaa humo zaidi ya siku 14. Pia nimewafundisha mahali pa kuliona lile kapu.

La pili, umeme. Ulikatika mchana, UPS ikaisha, seva ikazimika ghafla. Iliporudi, hesabu za kwota hazikulingana na mafaili. Mimi nilikuwa natumia ile njia ya zamani, ambapo hesabu za kwota zinakaa kwenye faili la `aquota.user`. Nikaangusha maunti ya `/data` usiku, nikawasha kwota ndani ya ext4 yenyewe kwa `tune2fs -O quota`, nikamaunti tena. Sasa hesabu zinalindwa na jonali ya diski (daftari lake la mabadiliko), na `e2fsck` inazikagua pamoja na vingine. Umeme umekatika mara mbili tangu hapo, namba ziko sawa.

Kitu kimoja kimewafurahisha makarani. Wakifungua folda yao kwenye Windows, wanaiona kama diski ya GB 20, siyo ya TB 1. Samba inawaonyesha kikomo laini kama ndio ukubwa. Mtu anaona mwenyewe amebakiza kiasi gani, haniulizi. Akivuka 20 Windows inaambiwa nafasi imeisha, kwa hiyo kunakili video haikubali, lakini orodha aliyokuwa anaiandika bado inahifadhika mpaka kwenye 25.

#17 MamaSalfa

Mwanangu, karani mwenye stakabadhi umempa ngapi?

#18 MwanaMikindani

Mama, stakabadhi hazimhusu tena kwa kikomo chake. Folda yake binafsi ana GB 20 kama wenzake, na anatumia 3. Folda ya STAKABADHI yenyewe ina GB 300. Tangu skana ziwe 300 bila rangi, mpaka jana imeongezeka GB 11. Ikifika 240 napata ujumbe mimi na meneja, siyo yeye.

#19 MamaSalfa

Mungu akubariki. Natuma uzi huu kwa kijana wetu wa TEHAMA hapa Newala.

#20 Mzee wa Lindi

Umefanya vizuri. Mnada ulikuwaje?

#21 MwanaMikindani

Juzi ulikuwa mkesha mwingine mzee. Nilikaa na simu mkononi. Ikaita saa mbili na dakika arobaini, nikashtuka. Karani alikuwa ameshahifadhi orodha na kuiprinti, anauliza kama ninayo funguo ya geti la nyuma, wafunge waende.